Mto Ambao Haupo Shuleni Kwetu

Mthibiti ubora wa shule alikaa kwenye kiti changu, akafungua daftari langu la maandalio, akasoma ukurasa mmoja kimya, kisha akauliza kwa upole: "Mwalimu, huu mto uko wapi?"

Nilitazama nje ya dirisha kana kwamba mto ungejitokeza kuniokoa. Shule yetu iko kilimani. Chini kuna ziwa, juu kuna mihogo na michikichi, na mto wa karibu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Lakini andalio langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe ninaojivunia, lilisema mwalimu awaongoze wanafunzi hadi kwenye mto ulio nyuma ya shule wakaokote mawe ya kuhesabia. Na kwenye kisanduku cha idadi ya waliohudhuria nilikuwa nimeandika 58, wakati nje ya mlango huo huo watoto 112 walikuwa wanapiga kelele kwa sababu mwalimu wao alikuwa ofisini anatafuta mto.

Nilinakili. Sina la kujitetea. Mwenzangu wa shule jirani alinitumia picha ya andalio lake kwenye simu saa nne usiku, nikalihamisha neno kwa neno huku nasinzia, mto wake na watoto wake 58 wakaingia daftarini kwangu. Mthibiti hakunigombeza. Aliandika maoni yake kwa kalamu nyekundu, akaweka sahihi, akaniambia nikanywe chai. Nimesimulia aibu hii kwanza kwa sababu makala hii inahusu walimu kuandaa masomo kwa kushirikiana, na sitaki mtu afikiri ninaimba wimbo wa sifa tu.

Nafundisha Hisabati na Sayansi, darasa la tano hadi la saba, kwenye kata moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Mimi ni mtu wa Kasulu, nimekulia kwenye baridi na migomba, kwa hiyo miaka yangu ya kwanza huku niliimaliza nikilalamikia joto na kula migebuka, samaki wa ziwa hili. Kwa wiki nina vipindi 28. Vingine vinaungana, andalio linakuwa moja, kwa hiyo tuseme maandalio 22. Mwalimu mzoefu akiandika andalio moja kwa uaminifu, na safu zake zote za umahiri mkuu, umahiri mahususi, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho, anatumia kama dakika 25. Mara 22 ni saa tisa na dakika kumi. Hapo sijagusa azimio la kazi, wala nukuu za somo, wala madaftari ya watoto, wala zamu, wala kikao cha wazazi kuhusu uji.

Saa hizo tisa zinatoka wapi? Zinatoka usiku. Mwalimu wa kijijini anaandika andalio baada ya chakula, mtoto wake amelala pembeni, taa ya sola inaanza kufifia. Na kinachonisikitisha zaidi ya uchovu ni hiki: usiku huo huo, kwenye shule nyingine tano za kata yetu, kuna walimu watano wameinama juu ya kauntabuku zao wakiandika kitu kile kile. Kitabu ni kile kile cha Taasisi ya Elimu Tanzania, muhtasari ni ule ule, mada ni ile ile. Watu sita wanachimba kisima kimoja, kila mmoja peke yake, gizani.

Shule kubwa za mjini Kigoma, kule Ujiji au Mwanga, darasa la tano linaweza kuwa na mikondo mitatu, na walimu wa Hisabati wakakaa meza moja. Sisi hatuna mikondo kwa sababu hatuna walimu wa kuigawa. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi. Tangu michango ya lazima ifutwe mwaka 2016 watoto wamejaa, jambo ambalo hakuna mwalimu mwenye akili timamu atalilaani, ila vyumba na walimu havikukua kwa kasi ile. Shuleni kwangu mwalimu wa Hisabati wa madarasa ya juu ni mimi. Nikitaka kushauriana na mwenzangu wa somo, nijitazame kwenye kioo. Kwa hiyo kushirikiana kwetu lazima kuvuke mipaka ya shule, na kuvuka mipaka ya shule huku maana yake ni pikipiki kwenye kilima cha udongo mwekundu, au boti.

Tulianza mara ya kwanza kwa akili ya haraka. Ilikuwa siku ya klasta, yaani walimu wa shule jirani kukutana, kwenye mafunzo endelevu ya walimu kazini, yale tunayoyaita MEWAKA. Wenye somo moja tukakaa chini ya mwembe, mtu akasema: tuko sita, tugawane wiki. Wewe wiki ya kwanza, mimi ya pili, kila mtu anaandika maandalio ya wiki yake tu na kuwarushia wenzake, wiki tano anapumzika. Tukapiga makofi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilikuwa vimeshatufikia walimu, kundi la WhatsApp likafunguliwa siku hiyo hiyo, hata jina likapatikana.

Mto ule ulitokana na mpango huo.

Na haikuwa mimi peke yangu. Mwalimu mmoja alifundisha kipimo cha lita kwa kutumia mizani ya duka ambalo liko kijiji cha mwenzake. Mwingine aliandika "wanafunzi wote wamefikia lengo" kabla ya siku ya kufundisha, kwa sababu picha aliyotumiwa ilikuwa imeshajazwa tathmini. Ajabu ya pili ni kwamba kazi haikupungua. Bado ulikuwa unakaa usiku unahamisha kwa mkono, dakika 20 badala ya 25, na sasa ukiwa hujui kwa nini hatua ya tatu inakuja baada ya ya pili. Ukisimama mbele ya darasa na andalio la mtu mwingine ambalo hukulifikiria, mtoto wa nyuma akauliza swali, unababaika. Mwezi wa tatu kundi likawa la salamu, rambirambi na picha za harusi.

Aliyetufufua ni mzee wetu. Naye ni mwalimu wa Hisabati, shule ya ng'ambo ya rasi, alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kidogo afikishe 60 astaafu. Ni mtu wa maneno machache na masharti mengi. Siku ya klasta iliyofuata tulikuwa tunamlaumu yule asiyetuma zamu yake, mzee akainua mkono.

"Wanangu, nyie mnagawana karatasi. Mimi karatasi ninazo tangu 1989. Nipeni kingine."

"Shikamoo mwalimu, kingine kipi?" nilimuuliza.

"Marahaba binti. Niambieni mtoto anakosea wapi."

Akatoa kwenye mfuko wa rambo chupa ya maji ya lita moja na nusu, imekatwa shingo, imechorwa mistari sita kwa maka peni. Akamimina maji hadi mstari wa tatu. Nusu. Kisha akachukua kikombe alichokuwa amekipima, theluthi ya chupa, akakiongeza. Maji yakapanda mistari miwili, yakasimama mstari wa tano. Tano ya sita. Mpaka hapo si muujiza, zana za namna hiyo tulifundishwa chuoni. Alichosema baadaye ndicho kilichonikamata.

"Mtoto wangu akijumlisha nusu na moja ya tatu, ataandika mbili ya tano. Anajumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Wa kwenu je?"

Tukaangaliana. Wote. Shule sita, kosa moja.

"Nikimwambia umekosa, tafuta KDS, atatafuta KDS kwa sababu ananiogopa. Kesho ataandika tena mbili ya tano. Sasa mimi namuuliza hivi: nusu ya tano ni ngapi? Mbili na nusu. Kwa hiyo mbili ya tano haifiki nusu. Wewe ulikuwa na nusu chupa, ukaongeza maji, sasa una pungufu ya nusu. Maji yamekwenda wapi?"

Nimefundisha sehemu kwa miaka tisa. Nilikuwa na njia nne za kueleza KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, na sikuwa na swali hilo hata moja. Nililitumia Jumatatu. Darasa la watoto 112 lilikaa kimya, kisha msichana mmoja kwenye dawati la tatu akacheka peke yake, akajifunika mdomo, akaanza kufuta jibu lake. Sikuhitaji kumwambia kitu.

Kuanzia hapo tukabadilisha tunachogawana. Mwenye zamu haandiki andalio. Anaandika ukurasa mmoja kwa kila mada ndogo: swali la kufungulia somo, mahali ambapo watoto watakwama na namna watakavyokwama, zana inayopatikana kijijini bila kununua, na maswali matano ya zoezi, ambayo ni lazima awe ameyakokotoa mwenyewe. (Sharti hilo la mwisho liliwekwa baada ya mwenzetu mmoja kututumia swali ambalo jibu lake lilikuwa watu watatu na nusu.) Umahiri, rejea, muda, idadi, tarehe, kila mtu anajaza vyake daftarini mwake, kwa sababu watoto ni wake. Sehemu hiyo kumbe ni nyepesi sana kichwa kikishakuwa kimefanya kazi. Andalio la dakika 25 ninaliandika kwa dakika kumi. Kwa maandalio 13 ya Hisabati kwa wiki, hizo ni kama saa tatu na robo nimerudishiwa. Sayansi bado naandika peke yangu, na tofauti naiona usiku.

Ila wiki ya zamu yangu ninalipa. Jumapili nzima huisha. Natoka kanisani, najifungia ndani, mume wangu anapika.

Jambo ambalo hatukulitegemea ni marejesho. Ukurasa wa chupa ulipozunguka, mwenzetu wa shule ya juu kabisa mlimani alituma ujumbe wa sauti wa malalamiko: kwake somo liliharibika. Alitumia chupa ya soda yenye kiuno. Mistari ilipimwa sawa kwa rula lakini maji hayakujaa sawa, theluthi yake ikavuka mstari, watoto wakaona kwa macho yao kwamba kitabu kinadanganya. Sasa kwenye ukurasa ule kuna maneno yake kwa herufi kubwa: CHUPA NYOOFU, ISIYO NA KIUNO. Sentensi hiyo moja haimo kwenye kiongozi cha mwalimu, na imeokoa vipindi vingi kuliko aya tatu za falsafa.

Halafu kuna mwezi. Nazungumzia ule wa mbinguni. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwaka juu ya maji kuwavuta. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Mwalimu wa mwambao anajua hilo kuliko kalenda ya ukutani, kwa sababu wiki za giza wavulana wa la sita na la saba wanasinzia darasani au hawaji kabisa, wamekesha kwenye mitumbwi au ufukweni wakianika. Shule za juu kabisa mlimani hazina shida hiyo, zenyewe zina msimu wa maharage na kukamua mawese. Kwa hiyo mpango wa "wiki ya tano wote tufundishe sehemu" ulikuwa unavunjika kila mwezi. Mimi mada ngumu naipeleka kwenye mbalamwezi. Mwenzangu wa mlimani hana habari na mwezi. Tukakubaliana kwamba kurasa zetu zitakuwa na mpangilio bila tarehe. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaliane, madawati ya nyuma yalijaa na nikamaliza mada ambazo kwa kawaida huwa nazikimbilia mwezi wa tisa. Majumbani kwao ilikuwa habari nyingine, na siku hizo uji wa shule haukubaki hata sufuriani.

Usiku mmoja wa bando la bei nafuu nilijaribu kusoma wenzetu wa nje wanafanyaje. Wajapani wana utaratibu wa zamani wanaouita jugyō kenkyū: walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanasimama pembeni wakiwatazama watoto, si mwalimu, kisha wanakaa kulichambua. Nilisisimka. Ndiyo chupa ya mzee hasa! Kisha nikakuta uchunguzi wa mwaka 2018 kuhusu walimu, wa OECD, shirika la kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ambao kwa upande wa walimu wa sekondari ya chini ulionyesha Wajapani wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, wakati wastani wa nchi za OECD ulikuwa karibu saa 39. Nikaweka kishikwambi chini. Yaani mabingwa wenyewe wa kuandaa pamoja ndio wanaochelewa kurudi nyumbani. Sababu ni nyingi, vilabu vya michezo baada ya masomo vikiwamo, lakini nilijifunza kutomuahidi mtu kwamba kushirikiana kunapunguza saa kwenyewe tu. Kunaweza hata kuongeza kikao.

Uingereza nako walilia. Mwaka 2016 kikundi kilichopewa kazi na serikali yao kuchunguza mzigo wa maandalizi kilisema bayana kwamba shule zisimlazimishe mwalimu kuandika maandalio marefu ya kila siku kama utaratibu, nguvu ziende kwenye kupanga mfululizo wa masomo, walimu wakiandaa pamoja na kupewa muda wa kufanya hivyo. Wakaguzi wao nao walishatamka kwamba hawadai karatasi ya kila somo. Niliposoma hilo kundini, mtu akajibu kwa vikatuni vya kulia. Huku kwetu daftari linasainiwa, na mimi si mtu wa kusema lisisainiwe. Mwalimu asiyeandaa kabisa yupo, tunamjua, watoto wanamjua zaidi. Ninachouliza ni kama yule anayesaini anaweza siku moja kukubali ukurasa wetu wa pamoja uliobandikwa kwa gundi kwenye kauntabuku, chini yake mistari mitano ya mkono wangu kuhusu darasa langu. Nimeshambandikia mmoja. Aliupindua, akausoma wote, akaniuliza chupa yenye kiuno ni ipi. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Kuna mizigo ambayo kundi letu haliigusi. Kusahihisha, kwanza. Madaftari 112, dakika moja kila moja, ni karibu saa mbili kwa zoezi moja la darasa moja, na hakuna mwenzangu wa ng'ambo ya rasi anayeweza kunishikia kalamu. Saa tatu nilizookoa zimekwenda huko, si kwenye usingizi. Nalalamika, ila kwa mara ya kwanza watoto wa la tano wanarudishiwa madaftari kabla hawajasahau walichoandika. Pili, kuna mwenzetu mmoja anayepokea kila kitu na hajawahi kutuma chochote. Tulijadili kumtoa kundini. Mzee akakataa, akasema watoto wa shule ile hawajakosea kitu. Sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani, lakini kwa mzee hubishani mara mbili.

Mzee amestaafu sasa. Zamu yake ilibaki wazi, tukawa tunaruka wiki hiyo kila mtu akijitegemea, mpaka alipoletwa kijana wa ajira mpya, ametoka chuo, hajawahi kuona mgebuka. Tulimpa mada ya desimali kwa sababu hakuna aliyeitaka. Alituma ukurasa wake Jumamosi usiku: duka la kijiji, bei, chenji, kila kitu safi. Kwenye kisehemu cha mahali watoto watakapokwama alikuwa ameandika "hawatakwama".

Nilimpigia simu Jumapili asubuhi, mtandao ukikatika kila nikisogea kutoka kwenye mwembe. Nikamwambia kesho awape watoto wake desimali mbili, 0.35 na 0.4, awaulize ipi kubwa, asiwasaidie, ahesabu mikono.

Jumatatu saa sita mchana simu ikalia mfukoni nikiwa zamu, nasimamia foleni ya uji.

"Madam," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, "darasa zima wamesema 0.35."

"Kwa nini?"

"Wanasema thelathini na tano ni kubwa kuliko nne."

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia, "halafu tutumie upya."